Mafuta ya Bastola

Mimi si mtu wa kujisifu kwa ushujaa, na anayetaka kujua sababu akiulize kiatu changu cha kushoto, kilichobaki vichakani Kinondo Jumamosi moja katika miaka ya hamsini. Nilikuwa karani wa shamba la minazi. Kila mwisho wa wiki lori liliniteremsha barabara kuu na mkoba wa mishahara, nami nikamalizia njia kwa baiskeli hadi shambani. Siku hiyo wanaume wawili wenye mapanga walitokea mbele yangu. Niliwatupia mkoba kabla hawajauomba, nikawaachia na baiskeli, nikatoka mbio ambazo sijapata kuzirudia maishani.

Tajiri wangu, Mzungu mmoja mwenye mashavu mekundu, hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba karani wa mishahara sharti awe na bastola, na kama sitaki, atamtafuta mwingine anayetaka. Akaniandikia barua ya kuombea kibali. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kazi yangu naipenda, na aibu ya zile mbio bado inaniwasha. Niliitaka bastola hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mamangu hakuitaka hata kidogo. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Babangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na tuliishi wawili katika nyumba ya makuti pale Msambweni, yeye akishona nguo za watu kwa cherehani ya mkono.

"Mwenye panga anautaka mkoba," aliniambia bila kuacha kuzungusha cherehani. "Akikuona na bastola ataitaka bastola, na hiyo wewe hutaitupa. Siku ile ulipokuja mguu mmoja mtupu nilimshukuru Mwenyezi Mungu. Kiatu kinanunuliwa, babangu."

"Safari hii watakimbia wao, mama."

"Na wasipokimbia?"

Nikajifanya naitafuta kofia yangu.

Nilivuka kwenda Mombasa na barua ya tajiri na ruhusa ya polisi ya kununua. Muuzaji wa bunduki alikuwa Mhindi mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini. Alinitandikia kitambaa chekundu juu ya meza, akaweka bastola tatu. Ya kwanza ilikuwa nzito, mkono ukainama. Ya pili ilikuwa ndogo hata ningeona haya kumwonyesha mwizi. Ya tatu ilinikaa kiganjani vizuri mno, nikajua hii ndiyo yangu. Haikuwa ile aina ya kizamani yenye tumbo la kuzunguka. Risasi zake zilipangwa ndani ya kisanduku chembamba kinachoingia mpinini, na ukifyatua moja, kifuniko cha juu kinarudi nyuma chenyewe na kuleta nyingine.

"Imejaa grisi ya kiwandani," alisema mzee. "Ifute yote kwa mafuta ya taa, kisha uitie matone mawili ya haya." Akanisogezea kichupa.

Nikaona ananitafutia njia ya kunikamua zaidi. "Mafuta nyumbani hayakosi," nikamwambia.

"Mafuta gani?"

"Mafuta ni mafuta, mzee wangu."

Alishusha ile miwani ya kipajini, akaniangalia vizuri. Kwetu sisi mafuta ya nazi yalipakwa nywele, yakapakwa mwili, yakatiwa bawaba za mlango na mnyororo wa baiskeli. Sikuona kwa nini bastola iwe na maringo kuliko mlango.

Risasi sikupewa. Hizo zilipelekwa polisi Kwale zikanisubiri huko, mpaka Inspekta aridhike kwamba naweza kuishika silaha bila kujiua mwenyewe. Nilipangiwa siku ya kwenda kupimwa, wiki mbili mbele.

Wiki mbili hizo nilizifaidi. Sharti la kibali lilikuwa bastola ilale ndani ya sanduku la chuma lililokazwa sakafuni, na sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Ikabidi fundi achimbe chini ya kitanda changu na kumwaga saruji kipande cha ukubwa wa sinia. Majirani walikuja mmoja mmoja kuomba chumvi, kila mmoja akaishia kuchungulia chini ya kitanda. Ala ya kuivalia kiunoni nilimpa fundi wa makubadhi anishonee. Maskini, maisha yake yote alikuwa ameshona makubadhi ya maarusi tu. Alinitolea ala ya ngozi nyekundu yenye maua ya uzi wa dhahabu na kishada. Nilicheka, kisha nikaivaa kwa sababu kusema kweli ilikuwa nzuri.

Mchana nilifanya mazoezi na bastola tupu nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikigeuka ghafla, nachomoa, naulenga mpapai. Mamangu alinitazama dirishani, uzi midomoni, akarudi kwenye kazi yake. 

Alasiri ya kuamkia safari ya Kwale, nilikuwa nimekwisha kuisafisha kwa mafuta ya taa, nimeiweka mkekani, mamangu akaja akaketi karibu yangu. "Lete, mwanangu," alisema. "Hewa ya chumvi hii italila lichuma lako. Lete nilitie mafuta."

Alileta chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, yaliyokuwa yamekaa juani tangu asubuhi. Alipiga bismillahi, akayamimina kwa ukarimu kila upenyo, kama anayempaka mtoto baada ya kuoga. Wala hakununa. Moyo wangu ulijaa furaha. Nilijua amenipa radhi yake, na usiku huo nililala fofofo.

Ulikuwa mwezi wa saba, kipupwe. Msambweni baridi yake ni ya kuchezewa, lakini Kwale iko juu milimani, na lori liliponishusha pale asubuhi nilikuta ukungu umeifunika hata bendera ya ofisi. Askari walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti. Inspekta, Mzungu kijana, alinipeleka nyuma ya kituo, palipokuwa na ubao wa kulengea. Aliiona ala yangu yenye kishada, akauma mdomo ili asicheke.

"Onyesha," alisema.

Nikachomoa kwa ile kasi ya mpapai. Nikashika kifuniko cha juu nikivute nyuma. Hakikuja. Nikavuta tena mpaka kucha ikaumia. Kikaja nusu, taratibu, kikakwama hapo hapo. Kwenye mapengo yote palikuwa na kitu cheupe, kama ule utando unaokuta umeganda juu ya mchuzi wa jana.

Inspekta aliichukua, akakikwangua kile cheupe kwa ukucha, akanusa. "Hii mafuta ya nazi," alisema. "Wewe nataka piga mwizi ama nataka kaanga yeye?"

Askari walicheka wakashikana mabega. Nilitamani ardhi ipasuke. Inspekta alikwisha kuifunga faili yangu, akaniambia nirudi nyumbani, na mimi nikaiona kazi yangu ikienda zake kwa mtu mwingine. Aliyeniokoa ni sajini mmoja wa makamo, Mdigo wa huko huko. Aliomba dakika kumi. Gari la polisi lilikuwa limeingia punde tu kutoka doria, boneti yake ingali moto. Akaitandaza leso yake ya mkononi juu ya boneti, akailaza bastola yangu hapo, nasi tukasimama kuizunguka, tukiingojea kama watu wanaongojea chai. Mafuta yakaanza kutiririka. Sajini akayafuta yote mpaka chuma kikawa kikavu.

"Nani aliyekutilia haya?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mamangu."

"Mama wa pwani?" Alitabasamu, akanirudishia bastola. "Haya, kapige."

Nilipiga tano, tatu zikaingia ubaoni. Inspekta akaifungua tena faili, akatia sahihi, akanikabidhi kibali.

Lori lilipokuwa likiteremka, swali la sajini lilinirudia. Kila kipupwe, tangu niko mdogo, nilimwona mamangu akiianika chupa ya mafuta juani kabla ya kupaka nywele, kwa sababu asubuhi hukuta yameganda. Na kwenye ile cherehani yake, miaka yote hiyo, hakuwahi kutia mafuta ya nazi hata tone. Nilipandwa na hasira. Kumbe ile radhi iliyonilaza fofofo haikuwa radhi.

Nilimkuta anashona. Nilimpa shikamoo, akaitikia, macho yake yakashuka moja kwa moja hadi kwenye karatasi mkononi mwangu.

"Wamekupa," alisema.

"Wamenipa. Kwale kuna baridi, mama."

"Najua."

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi njiani, na makali. Lakini alikwisha kuivuta droo ya cherehani, akatoa kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba, mafuta mepesi ya mashine, ya aina ile ile niliyoikataa Mombasa. Kilikuwa humo siku zote. Akanyoosha mkono nimpe bastola.

"Nilitaka wakunyime," alisema. "Ningekuwa na mwana asiye na kazi, lakini ningekuwa naye. Sasa wamekupa. Kama huna budi kuwa nayo, basi isije ikakuganda mkononi."

Alidondosha tone la kwanza, likaanguka nje, juu ya nguo ya mteja. La pili pia. Mwanamke huyu alikuwa akitunga uzi sindanoni bila kutazama, na leo alishindwa kulipata tundu. Hasira yote ikaniisha. Nikaketi chini karibu yake, nikamshika kifundo cha mkono, na lile tone la tatu tukalitia pamoja.