V Yenye Mkia

Mkitaka kumjua Dainess wa Ipinda, msiwaulize wanaompenda. Niulizeni mimi Erasto, niliyekaa naye dawati moja, na sasa tunatazamana kibanda kwa kibanda, yeye upande wa mashine ya kukoboa mpunga, mimi upande wa wauza ndizi. Wengine watawaambia ni fundi umeme hodari, basi. Mimi ninajua hadi idadi ya wateja wake. Jumatatu iliyopita walikuwa kumi na mmoja. Wangu walikuwa wawili, na mmoja alikuja kuniuliza Dainess ameenda wapi.

Amezaliwa Njisi, mpakani na Malawi, mama yake akivuka mpaka na mchele na kurudi na vitenge. Shuleni fizikia ilimtoa machozi. Mimi ndiye niliyemchorea juu ya dawati, kidato cha pili, ile pembetatu: V juu, I na R chini. Nikamwambia, funika unachokitafuta, vinavyobaki vitakuonyesha la kufanya. Ukifunika R utaona V juu ya I, kwa hiyo gawanya volti kwa ampea, umepata ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme njia. Ukitaka wati, zidisha volti kwa ampea. V yangu ilikuwa na mkia mwishoni, na mwalimu alinichapa mara mbili kwa ajili ya mkia huo.

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Mimi nikaacha shule, nikaingia majarubani kulima mpunga, Dainess akaingia kidato cha tatu, halafu chuo cha ufundi. Aliporudi na cheti na mita ya kubana, ile unayoibania kwenye waya mmoja ikakusomea ampea, nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Ulikuwa wivu, na hadi leo haujahama.

Mimi ufundi niliuokota njiani. Jina langu lilijengwa na majiko ya umeme. Koili ikikatika, nakata kipande kilichochoka, navuta ncha mbili, nazisokota, narudisha. Watu walisema jiko likipita kwa Erasto huivisha maharage upesi kuliko lilipokuwa jipya. Nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sasa, kuna zahanati moja upande wa Ngana inajenga wodi ya wazazi, na muuguzi wake, Sista Marystella, mwenyeji wa Tabora, ndiye aliyeachiwa kutafuta fundi wa kufunga umeme. Kazi ile niliitaka kuliko chakula. Jiko lao la kuchemshia vyombo nilikuwa nimelitengeneza mara nne, tena vizuri, kwa hiyo niliihesabu kazi kuwa yangu. Halafu asubuhi moja ekstensheni waliyochomekea jiko hilo ikayeyuka, chumba kikajaa moshi. Nilimwambia Sista umeme uliingia mkubwa. Aliitikia kwa kichwa, kisha akampigia Dainess.

Nilikwenda pia. Nisingemwacha peke yake pale akinisema.

"Ugonile, kaka Erasto," alinisalimu, kwa adabu ileile inayonikera.

Akalichomeka jiko kwenye soketi ya ukutani, akapima. Akaandika vipimo kwenye karatasi, akaninyooshea pamoja na penseli.

"Kokotoa wewe, kaka. Sista, huyu ndiye aliyenifundisha."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni nitafute kicheko, sikukiona. Sista alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anasubiri. Nikaanza kukokotoa kwa sauti, nimwonyeshe kuwa sikuwa mjinga.

"Kibandiko cha jiko kinasema volti mia mbili ishirini, wati elfu moja. Gawanya, ni ampea nne na nusu. Ukinzani wake basi ni kama omu arobaini na nane. Hivyo ndivyo lilivyotoka dukani."

"Na leo?" Sista aliuliza.

"Leo volti ni zilezile. Ampea ni nane. Ukinzani ni omu ishirini na saba na nusu."

Hapo nilizitazama tena namba zile. Volti hazikuwa zimepanda hata moja. Kilichopungua ni waya, na waya mfupi huubania umeme kidogo. Nilizidisha hata hivyo, maana mkono ulikuwa umeshaanza: wati elfu moja mia saba na sitini. Na ekstensheni iliyoyeyuka iliandikwa ampea sita.

"Kwa hiyo umeme haukuingia mkubwa," Sista alisema polepole. "Koili imekuwa fupi. Nani ameifupisha, fundi?"

Dainess aliinama anakunja nyaya za mita yake. Alijua. Ipinda nzima ilijua nani hukata koili. Lakini alikunja nyaya zile kana kwamba hakusikia swali, akaniachia mimi.

"Ni mimi, Sista," nilisema. "Mara nne."

Sista alimpa Dainess kazi ya wodi palepale. Nje, Dainess aliniambia kazi ile inahitaji mafundi wawili, nifikirie. Nikamjibu ndaga, yaani asante, kwa meno yaliyobanwa. Heri angenicheka. Mtu akikucheka unapata sababu ya kumchukia, lakini huyu hata sababu alininyima, na wema wake nao niliuonea wivu.

Nilipofika kibandani niliikunjua ile karatasi niichane. Upande wa nyuma wa vipimo alikuwa amechora pembetatu, V juu, I na R chini. V ilikuwa na mkia.

Sikuichana. Nilikaa naitazama, na nyuma yangu wateja walikuwa wakivuka barabara kwenda kwake, na V yangu alikuwa nayo yeye.