Kupandisha Joto la Mbata

Mpaka leo mtu akiniambia "polepole" damu inanichemka. Nilishibishwa neno hilo huko Mafia, enzi ya Mwingereza, nilipowekwa kuchunga tanuri la kukaushia mbata kwenye shamba la minazi.

Tanuri lile lilikuwa na saa ya joto ukutani, yenye mishale miwili. Mweusi ulionyesha joto lililomo. Mwekundu ulikuwa wangu: nikiuweka mahali, mtambo wenyewe unafungua mvuke mpaka joto lifike hapo. Kazi ni kuusogeza kidogo, kungoja, kuusogeza tena, kutwa nzima. Ukiupandisha kwa mkupuo, nazi inakauka juu tu, ndani inabaki mbichi na kuota ukungu.

Asubuhi moja nimeshaanza kupandisha, jirani yetu wa Baleni akaja na baiskeli. Mama yangu amefariki alfajiri.

"Wanakungoja wewe umtie kaburini," akasema. Mwanamke hashushwi na mtu baki, na mimi ndiye mwanawe wa pekee.

Nikamwendea meneja, Mzungu. Mwenzangu aliyeujua mtambo alikuwa amelazwa hospitali. Meneja akasikitika, kweli alisikitika, kisha akasema nimalize kupandisha, gari litanipeleka. Nikiondoka kabla, nisirudi. Wanangu walikula kwa kazi ile. Nikabaki.

Jamani, kungoja kule! Nasogeza kidogo, nakaa, nalia, nafuta macho nione tarakimu. Mkono uliniwasha kuusukuma mshale mpaka mwisho, liwalo na liwe. Meneja ameketi nyuma yangu, ananiambia kwa upole, "Polepole." Sijapata kumchukia mtu namna ile. Adhuhuri ikapita. Alasiri nayo ikapita.

Gari lilinifikisha Baleni jua limeinama. Watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa miguu. Mjomba, kaka yake mama, mzee mwenye mgongo mbovu, alikuwa na udongo mpaka magotini. Ameshuka yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tumekungoja, mwanangu, tumekungoja sana. Tungengoja zaidi, lakini joto hili, maiti hakai."

Nikaketi chini palepale njiani.

Mbata ya siku ile ilitoka nyeupe, haina doa. Meneja alinisifu mbele ya wenzangu wote, nami nikasema ahsante.