Siku Héritière Alipomchukua Joviale

Vita vilipofika kwenye malisho yao huko Masisi, mashariki mwa Kongo, Héritière alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yao aliuawa pamoja na ng'ombe wake. Mama aliwatoa mabinti zake watatu milimani kwa miguu hadi kambi ya Kibati, na huko, mwaka 2008, kipindupindu kikammaliza kwa siku mbili. Hakuacha neno lolote. Hakuwa na nguvu ya kusema.

Mapigano yalipoikaribia kambi, watu wakakimbilia Goma. Héritière alimbeba mgongoni Joviale, mwenye miaka mitatu, akamshika mkono Clarisse wa miaka kumi na miwili. Wakapata pa kulala kanisani. Hapo Joviale naye akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani.

Mama Léonie, muuza vitenge wa mtaa wa Birere aliyetokea upande wa Bukavu, alikuwa akileta uji pale kanisani. Alimtazama mtoto, akasema, "Huyu mutoto atakufa hapa. Nipe nimupeleke kwangu. Ukipata nyumba, utakuja kumuchukua."

Héritière akampa. Hata hakuuliza anakaa wapi; Clarisse ndiye aliyewakimbilia nyuma ili aijue njia.

Kupata nyumba kulichukua mwaka na nusu. Muzee Birindwa, aliyekuwa na kiwanja kilichofunikwa na mawe ya volkano, aliwaambia wakikisawazisha atawaachia pembe moja wakae. Asubuhi dada wawili walipasua mawe kwa nyundo. Mchana Héritière alifua nguo za watu ziwani. Mwanzoni alikwenda kumwona Joviale kila Jumapili. Lakini mtoto alilia kila alipoondoka, na Mama Léonie akamwomba apunguze. Akapunguza. Mwishowe akaacha kabisa.

Chumba cha mbao kiliposimama, alikwenda kumchukua. Joviale alikuwa amenenepa, amevaa soksi nyeupe. Alijificha nyuma ya kitenge cha Mama Léonie.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni yaya yako, dada yako mukubwa," Mama Léonie alimjibu. Kisha akamgeukia Héritière. "Uko na kitanda? Uko na chakula ya kesho? Mutoto alishanizoea. Na miye nilizika wawili. Muache."

Kitanda hakikuwapo, wala chakula cha kesho. Héritière alitazama sakafu iliyopigwa deki.

"Mama, uliniambia nikipata nyumba."

"Nilisema hivyo, ndiyo."

"Basi nimepata."

Mama Léonie akaingia ndani na kufunga nguo za mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Joviale alipiga kelele Birere nzima, akirusha miguu. Mwendesha pikipiki mmoja aliwazibia njia. "Unaiba mutoto ya nani?"

"Ni wetu," Héritière alisema.

"Hapana!" Joviale akalia. "Hapana!"

Watu walijaa. Ilibidi Mama Léonie aitwe kutoka nyumbani, aje mwenyewe kuwaambia wamwache binti apite.

Nyumbani mtoto alikaa siku mbili akiutazama mlango, hakutia kitu kinywani.

"Ungemuacha kule," Clarisse alisema. "Ulimuchukua kwa faida yake, ao yako?"

Héritière alimpiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga tangu mama yao afariki. Alitoka nje, akakaa juu ya mawe na kulia, naye Clarisse akalilia ndani. Hakuna aliyemfuata mwenzake.

Asubuhi ya tatu Héritière alirudi kwa Mama Léonie. "Mama, hakuli. Njoo."

Mama Léonie alikuja palepale, akikanyaga mawe kwa viatu vyake vizuri. Aliketi chini sakafuni, akampakata mtoto, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. "Kula, mutoto wangu. Hapa ni kwenu." Akamtazama Héritière. "Nitakuja kila siku, mupaka azoee."

Akaja kweli, mwezi mzima.

Joviale alianza kula wiki ile. Kuwazoea dada zake kulimchukua muda zaidi. Walipolala alijikunja peke yake ukutani, mpaka mvua za Septemba zilipoanza, chumba kikavuja, na wote watatu wakalazimika kujibana kwenye kona moja iliyobaki kavu.