Dawa Iliyogoma Kuamka

Wenzake maabara walimwita Bi Udongo, maana hakupita bustani wala mtaro bila kuchota kiganja cha udongo. Kazi yake ilikuwa kutafuta dawa mpya ndani ya bakteria. Alisoma vinasaba vyao kwenye kompyuta, akisaka maelekezo ya kutengeneza kemikali ambazo bakteria wenyewe hawajawahi kuzitoa mbele ya macho ya mtu.

Aliifanya kwa utulivu mpaka mdogo wake, fundi wa kuchomea vyuma, alipoangukiwa na geti. Mguu ulifungwa vyuma, kidonda kikaingia vijidudu sugu, na kila dawa ya hospitali ikagonga mwamba.

"Dada, si ndiyo kazi yako hii?" mdogo wake aliuliza, shuka likinuka usaha. "Huko kwenye kompyuta hamna kitu?"

Kilikuwepo. Bakteria mmoja wa mtaroni alikuwa na kundi la vinasaba lisilofanana na la dawa yoyote inayojulikana. Lakini vinasaba hivyo vilikuwa vimelala, havitoi kemikali yoyote. Alimbadilishia chakula, akamnyima, akamtia joto, wapi. Mwishowe akamwotesha kwenye sahani moja na vijidudu vya kidonda kile. Asubuhi moja akakuta duara safi limemzunguka: vijidudu vimekufa kwa kemikali aliyoitoa. Bi Udongo akaanza kuichuja kemikali hiyo siku ileile.

Alipoijaribu kemikali ile kwenye seli za figo za binadamu, zikafa zote. Akapunguza kipimo. Zikafa. Akapunguza tena, mpaka vijidudu vikapona, na seli bado zinakufa.

Alikwenda kumweleza mdogo wake.

"Nipe hivyohivyo," alisema. "Anayekufa ni mimi, si wewe."

"Itakuua kabla ya kidonda."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unatafuta nini?"

Mama yao, aliyekaa miguuni pa kitanda, akasema bila kumtazama yeyote, "Mwache dada yako. Daktari aje akate."

Mguu ulikatwa juu ya goti. Mdogo wake alipona, ila akimwona dada mlangoni hugeukia ukutani. Bi Udongo huketi naye hivyohivyo, kisha hurudi maabara. Huko anaondoa kinasaba kimoja baada ya kingine cha bakteria yule, aone ni kipi kinachoipa dawa ile sumu ya figo. Mpaka sasa hajakipata.