Kozi ya Kichuguuni

Neno lililokuwa likiniudhi kuliko tusi ni "kukaa". Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikapata nafasi chuo cha mifugo, na tangu siku hiyo kila niliyekutana naye njiani pale Nangwa aliniuliza, "Siku hizi uko wapi?" Kabla sijafungua mdomo alijijibu mwenyewe: "Aa, umekaa tu nyumbani." Nimekaa. Nimeamka kabla ya jogoo, nimekamua, nimechota maji, nimepukuchua mahindi mpaka vidole gumba vimetoka malengelenge, halafu nimekaa. Shikamoo yangu niliitoa kwa wakubwa wote bila kuruka hata mmoja, lakini kwa wengine niliitoa nikiwa nimeuma meno.

Hata dada yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, alilitumia neno hilo. Yeye alikuwa ameajiriwa ofisini Arusha. Mwezi wa saba alinitumia simu yake ya zamani, ile ya kugusa kioo, akampa kondakta wa basi, na baba akaenda kuipokea Katesh siku ya mnada. Nilipoiwasha nilikuta ujumbe unanisubiri. "Usikae bure. Kuna kozi za mtandaoni, hazina ada. Wenzako wa mjini wanaingia chuo wameshazisoma. Wewe utaingia hujui hata kuwasha kompyuta, na watakucheka."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Mimi kuchekwa siwezi. Nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani anajua, na kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja tu, mezani kwa mhasibu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nilitafuta kozi, nikaipata moja ya kulisha ng'ombe wa maziwa, iliyotolewa na chuo cha mbali huko ng'ambo. Ilikuwa na wiki moja ya kujaribu, na wiki hiyo ikiisha, Jumapili, unajiandikisha au unaacha. Ukijiandikisha, ni wiki nane za masomo ya kila siku, tena mchana, na jaribio kila Ijumaa. Ukikosa majaribio mawili jina lako linaondolewa. Mwisho kuna cheti.

Tatizo ni kwamba wiki hizo nane zilikuwa za mbaazi.

Kwetu mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi hubaki shambani peke yake zikitoa maua na mapodo, yaani maganda yenye punje, mpaka mwezi wa tisa. Na hapo katikati ndipo ng'ombe wanapopanda kutoka tambarare. Malisho yao yamekwisha, sisi tuna mabua. Wanakula mabua, wanatuachia samadi, kila upande unashukuru. Mwaka ule baba alikuwa amepanda mahindi matupu nusu ya chini ya shamba na kuchanganya na mbaazi nusu ya juu, na kati ya nusu hizo palikuwa na tuta tu, ambalo hata ndama analiruka. Kwa hiyo shamba la namna hiyo lina kanuni yake, na baba aliirudia kila asubuhi kama sala: mchungaji akae chini, mlinzi akae juu, ng'ombe wawe kati yenu.

Mlinzi nilikuwa mimi. Na mbaazi zile zilikuwa zangu kwa maana nyingine pia. Zamani, baba alisema, mazao yalipelekwa ushirika, ukasubiri malipo. Siku hizi wanunuzi walikuja wenyewe na malori na mizani yao, na aliyekuwa na mbaazi kavu mapema aliuza vizuri. "Hizi ndizo zitakazokupeleka chuo," aliniambia siku tuliyomaliza kuvuna mahindi. "Hakuna nyingine."

Basi hesabu yangu ilikuwa hivyo. Nisiposoma ile kozi nitaingia chuo mjinga nichekwe. Nisipolinda mbaazi sitaingia kabisa. Kwa ujuzi wangu wa miaka kumi na tisa niliona jambo rahisi: nitafanya yote mawili. Mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa pembeni mwa mbaazi, na kichuguu ndipo mlinzi anapokaa. Macho kwenye simu, sikio kwenye kengele za ng'ombe. Mama alinitazama nikipanga mambo hayo akasema, "Mshika mawili, moja humponyoka." Nikamwambia mbona mikono ninayo miwili. Aliendelea kupeta maharage.

Siku nne zilikwenda vizuri. Ng'ombe walikuwa wa mfugaji mmoja mzee wa tambarare, mtu aliyefahamiana na baba tangu ujana wao. Aliyewachunga ni binti yake, msichana kama mimi, wa umri wangu, mrefu, amevaa katambuga za tairi na shuka nyeusi, aliyeishia darasa la nne. Tulipungiana mikono asubuhi, tukapungiana jioni. Siku nzima ng'ombe walikuwa kati yetu.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Jaribio la kwanza lilikuwa halina shida, nikalipita, nikajisikia mtu. Halafu video ikafunguka. Mzungu mmoja mwenye kofia alikuwa amesimama karibu na ng'ombe mkubwa asiye na pembe, mwenye kiwele ambacho sijawahi kukiona, kinakaribia kugusa ardhi. Nilishindwa kukiona peke yangu. Na niseme ukweli, haikuwa kushangaa tu. Nilitaka mtu anione nikiwa nasoma. Siku zote hizo watu waliniona nimekaa.

Nikasimama juu ya kichuguu, nikamwita yule msichana kwa mkono.

Alisita. Aliangalia ng'ombe wake, wameinamisha vichwa kwenye mabua, wametulia. Akavuka tuta, akaja.

"Huyu kiwele chake kinaumwa?" aliuliza.

"Hakiumwi. Anatoa ndoo mbili asubuhi peke yake."

"Na pembe wamepeleka wapi?"

"Wanazichoma akiwa ndama."

"Kwa nini?"

Sikujua. Nikamwambia tusikilize, mzungu ataeleza. Tukakaa bega kwa bega, mimi nikimtafsiria Kiingereza nilichokielewa na kile ambacho sikukielewa nikakibuni. Alicheka sana alipoona ng'ombe amevalishwa kitu masikioni kama hereni. Sijui tulikaa muda gani. Mtandao ulikuwa unakwama, picha inasimama, tunasubiri, inaendelea. Yeye ndiye aliyenyamaza ghafla. Kengele zilikuwa zinalia nyuma yetu, upande wa juu.

Tulikimbia wote. Ng'ombe kumi na nane walikuwa ndani ya mbaazi, tena katikati, pale zilipozaa vizuri zaidi, wanang'oa mapodo mabichi kwa raha zao. Mpaka tukawatoa, mistari mingi ilikuwa imebaki vijiti. Msichana aliniangalia mara moja, akawaswaga ng'ombe wake wakashuka.

Jioni nilimwambia baba kwamba ng'ombe wameingia. Hayo tu. Aliuliza, "Mchungaji alikuwa wapi?" Nikasema sikumwona chini. Na kweli, chini sikumwona, kwa sababu alikuwa ubavuni mwangu. Nililala na uongo huo, na haukuwa godoro zuri.

Kesho yake, Jumamosi, jambo lilishughulikiwa kama yanavyoshughulikiwa kwetu. Baba aliwaita majirani wawili wazee, yule mfugaji akaja na binti yake, wakasalimiana kirefu, habari za watu, habari za mvua, habari za mifugo, ndipo wakaingia shambani kupima kwa hatua. Desturi inajulikana. Kama mchungaji aliacha ng'ombe, baba yake analipa, na kwa uharibifu ule ingekuwa mbuzi wawili na binti angekwenda kujibu nyumbani. Kama mlinzi aliacha zamu, hakuna malipo, hasara ni ya mwenye shamba.

Wakafika kichuguuni. Udongo pale ulikuwa vumbi laini, na kila mtu aliona: nyayo za ndala zangu, na ubavuni mwake alama za tairi za katambuga, zimekaa pamoja. Wazee walizitazama. Mmoja wao aliinama akaokota kijiti, akawa anakivunja vipande vidogo vidogo.

"Binti," mfugaji alimwuliza mwanawe kwa Kiswahili ili wote tusikie, "ulikuwa wapi?"

Msichana aliangalia chini. "Niliacha ng'ombe, baba."

Basi. Hakusema nani alimwita. Angeweza. Nilimwangalia baba yangu, nikaona anahesabu mbuzi wawili kichwani, na mbuzi wawili wangeziba sehemu ya pengo la chuo. Mdomo wangu ulitaka kubaki umefungwa. Nilimkasirikia msichana kwa kutonitaja, nikajikasirikia mimi zaidi.

"Mimi ndiye niliyemwita," nilisema. "Nilitaka aone simu. Ng'ombe walikuwa wametulia, nikamwita. Jana sikusema kweli."

Baba hakugeuka. Mfugaji ndiye aliyenigeukia, akanitazama.

"Simu ilikuwa inakufundisha nini?"

"Kulisha ng'ombe, mzee."

Kisha mfugaji akatazama vile vijiti vilivyobaki, akakuna kidevu.

"Haya. Wamekwisha kula."

Jirani mwenye kijiti alianza kucheka, mwingine akafuata, mwisho baba yangu naye, ingawa yeye alicheka kidogo na kuacha mapema. Mbuzi hawakutolewa. Njiani kurudi nyumbani baba aliniambia maneno machache tu: simu ni ya kwangu, mbaazi zilizobaki ni za kwangu, niamue mwenyewe. Ningependa angenichapa.

Jumapili baada ya ibada nilipanda kichuguuni. Ukurasa wa kujiandikisha ulifunguka upesi kuliko siku zote, kama kwa kunikomoa. Nilikaa pale nikiutazama. Niliwaza wale wa mjini na kompyuta zao. Niliwaza kicheko. Halafu nikaangalia mistari ya mbaazi iliyobaki, nikazima simu, nikaishusha nyumbani na kuifungia kwenye sanduku la mama. Dada alipopata habari alinipigia kwa simu ya baba akaniambia nimechagua ujinga. Nilimjibu vibaya, tukakaa wiki tatu hatusemezani.

Nililinda. Nilikaa juu, msichana chini, ng'ombe kati yetu, mpaka mabua yalipokwisha. Siku ya mwisho msichana alivuka tuta, safari hii ng'ombe wakiwa wameshatangulizwa na baba yake. Alileta kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Dada, nikuambie kitu usikasirike," alisema. "Tangu jioni ile walipokula mbaazi zako, walitoa maziwa mengi siku mbili, kisha yakarudi kama zamani. Mama alishangaa."

Nilikasirika. Kisha nikanywa maziwa.

Mbaazi zilitosha ada na nauli. Hazikutosha godoro jipya, nilikwenda na la nyumbani, limekunjwa na kufungwa kamba. Na dada alikuwa amesema kweli, lazima nimpe haki yake. Chumba cha kompyuta niliingia wa mwisho na kutoka wa mwisho. Nilibonyeza pasipobonyezwa, nikafuta kazi yangu na ya jirani yangu, na wakacheka. Iliniuma kwa muhula mzima. Wapo waliokuja na vyeti vya mtandaoni vitatu, na kuna mambo walinipita ambayo sikuwahi kuwafikia. Sijawahi kumwambia mdogo wangu yeyote kwamba kozi hizo hazina maana.

Muhula wa pili tulianza somo la malisho. Mwalimu aliuliza, bila kutarajia sana jibu, ng'ombe wa kienyeji akila majani ya jamii ya kunde, mfano mbaazi, maziwa yanaongezeka baada ya muda gani. Darasa likaanza kufungua madaftari. Nilinyoosha mkono.

"Siku ile ile jioni unaanza kuona. Siku mbili, kisha yanarudi kama zamani, ukiacha kuwapa."

Aliniangalia. Akauliza nimelisoma kwenye kozi gani.

Nikasimama, nikamwambia sikulisoma. Nilikuwa nimekaa nyumbani.