Hao Wote ni Akina Nani?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomwambia dada yangu Anna kwamba shule basi, sirudi. Nilikuwa kidato cha pili. Dada, huyu tuliyemzika mwezi uliopita, ndiye aliyenilea hapa Dar, maana wazazi wetu walikuwa Singida. Alikuwa fundi cherehani Mwananyamala, na kwa cherehani hiyo alinisomesha shule ya kulipia, shule ya watoto wa wenye nazo.

Siku za kawaida tulivaa sare, hakuna aliyejua mwenzake anacho au hana. Ila Ijumaa tuliruhusiwa nguo za nyumbani, na Ijumaa ndiyo ilinitesa. Gauni langu moja la kanisani wenzangu walishalizoea.

"Siendi tena," nikasema. "Wote wana jinzi mpya. Wote wananicheka."

Dada hakuinua kichwa. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Hao wote ni akina nani?"

"Wote tu, dada."

"Wana majina. Nitajie."

"Joyce."

"Mwingine?"

"Sofia. Yeye hucheka Joyce akicheka."

"Huyo ni mkia wa Joyce. Mwingine?"

Nikahesabu kwa vidole, nikaishia viwili.

"Kumbe darasa zima ni Joyce na mkia wake!" akasema. Nilicheka huku nimenuna. Naye akaongeza, "Nguo ya kumfurahisha Joyce sikushonei. Ya kuvaa nitakushonea, na Ijumaa utakwenda."

Akanishonea sketi kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Nikaenda nayo.

"Jamani nyie!" Joyce akapaza sauti. "Kwao leo madirisha yako wazi. Kavaa pazia!"

Sofia akacheka. Iliniuma, sitakudanganya. Lakini siku zote nilikuwa nikichekwa naangalia chini. Siku hiyo nikainua macho kuona ni akina nani hasa wanaocheka. Wengi hawakucheka. Mvulana mmoja alikuwa anaficha miguu chini ya dawati. Halima, binti wa Gongo la Mboto, alikuwa ameshika kola ya blauzi yake, mahali palipoungua na pasi. Walikuwa wanaogopa zamu yao.

Nikaenda kukaa na Halima. Akaninong'oneza, "Afadhali wewe, zamu yako imekwisha. Mie sijaonwa bado."

Tukacheka mpaka mwalimu akatukaripia. Joyce hakuacha maneno yake, lakini mimi shule sikuacha, na nikaimaliza.

Sasa juzi uliniambia hutaki kwenda shule kwa sababu ya viatu. Sikukemei. Kutaka kitu kizuri si dhambi. Mimi mwenyewe hadi leo nikiona kitambaa kizuri nasimama. Ila kabla hujaomba, jiulize unamvalia nani, na umtaje kwa jina. Anayekucheka usimwachie shule yako. Na wewe usimcheke mwenzako ili tu usichekwe, maana huo ndio ukatili wa waoga. Mtafute aliyenyamaza ukakae naye. Viatu vyako vikichakaa tutanunua vingine, vya kukutosha mguu.

Mungu akupe moyo uliotulia, mwanangu. Akujalie rafiki usiyelazimika kumficha kitu, nawe uwe rafiki wa namna hiyo kwa mtu. Nenda kasome.