Darasa la Minong'ono, Al Rayyan

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikaogopa kugonga, nikaizunguka vila lilimokuwa darasa mpaka jasho likaharibu blauzi niliyoipiga pasi mara mbili. Ilikuwa Ijumaa, Al Rayyan, nchini Qatar, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay, na ualimu nilijifunza mwenyewe kwa vitabu chakavu nilivyoletewa kutoka Tanga. Waandishi wa kumbukumbu za kazi huwa na mvi. Mimi nimestaafu kabla ya mvi, na nawaandikia vijana wanaofikiria kuanzisha darasa kama letu.

Darasa liliendeshwa na wazazi kwa ajili ya watoto wao. Wao walichagua cha kufundishwa, walifagia, walipokezana kusimamia. Mwenyekiti wao alikuwa Mkenya, msimamizi wa walinzi katika mnara mmoja. Alinikuta mlangoni.

"Dada, mbona unatetemeka?"

"Ni kidogo tu, Mwenyekiti."

"Sawa, tetemeka ukiandika ubaoni. Watoto wamefika."

Ndani alinieleza kazi yenyewe. "Hawa wanasoma kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiarabu; Kiswahili cha darasani hawana. Mkataba wa baba ukiisha, wanarudishwa nyumbani kukaa darasani kama wageni. Hiyo ndiyo hatutaki."

Vila ilikuwa imegawanywa vyumba kwa mbao nyembamba, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Wiki ya pili akaja haris, mlinzi wa jengo, akasema mwenye nyumba hataki mikusanyiko. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunika macho kwa viganja, kisha akagusa sikio. Sijaona kitu, alimaanisha, lakini nikisikia, khalas, mwisho wenu.

Mwenyekiti akatoa amri: tutasoma kwa kunong'ona.

Nyumbani mtoto hujifunza kwa kuitikia. Mwalimu husoma silabi, darasa zima hurudisha kwa sauti inayofika barabarani. Sisi tuliitikia kwa pumzi. Hata imla, mwalimu anaposoma na mtoto kuandika anachosikia, tuliifanya hivyo hivyo. Nikiri kwamba nilipenda hivyo. Mimi huogopa kukosea mbele za watu, na mnong'ono ulinisitiri. Nikawa fundi: niliweza kunasa kosa la pumzi kutoka pembeni mwa chumba. Mwenyekiti alinitania kwamba nataka watoto wanyooke kama shuka za hoteli, na alikuwa sahihi.

Tulihamishwa kutoka sebuleni hadi jikoni, kisha stoo ya nyuma. Kila tulipohamia kuta zilikuwa nyembamba zaidi, nasi tukashusha sauti zaidi.

"Ticha," kijana mmoja wa Nairobi alinong'ona, "hata panya wanatushinda kelele."

Wenzake walicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Siku ile niliona ni jambo la kuchekesha.

Zawadi alikuwa binti wa dereva kutoka Morogoro. Mkataba wa baba yake ulikuwa unaisha, na angeingia darasa la tatu nyumbani, ambako hata hesabu ni kwa Kiswahili. Angeshindwa kwenye usaili, angerudishwa kwa wadogo. Mwaka mzima nilimshughulikia: kujumlisha, kugawanya, kusoma hadithi, imla bila kosa.

"Mwalimu, asije akachekwa tu," mama yake aliniambia walipokuja kuaga.

"Hatachekwa, Mama Zawadi."

Baada ya miezi kadhaa mama yake alinipigia. Zawadi alikuwa amewekwa darasa la kwanza. Aliandika vizuri, lakini kila alipoambiwa asome, midomo ilicheza na hakuna aliyesikia. Watoto walimwita bubu. Mwalimu wa huko alishauri apelekwe akatazamwe koo.

"Hospitali wanasema koo ni zima," alisema mama yake. "Hebu ongea naye, labda wewe atakusikia."

Nikamwomba Zawadi anisomee. Nilibana simu sikioni. Alisoma ukurasa mzima, kwa pumzi, na kila silabi ilikuwa mahali pake. Sikuona hata kosa moja la kusahihisha.

"Sasa paza sauti, mwanangu."

Akauliza, "Haris ametoka?"

Nilimweleza Mwenyekiti Ijumaa iliyofuata. Alikaa juu ya gunia la mchele, akavua kofia ya kazi. "Tungepiga kelele, tungefukuzwa mwezi wa kwanza," alisema. "Ungefanyaje, dada?" Tuliendelea mpaka familia zikaondoka moja baada ya nyingine na stoo ikarudia kuwa stoo.

Sasa niko Tanga, nyuma ya shule ya msingi. Asubuhi watoto huitikia mpaka mabati yanalia, nami huacha ninachofanya. Jioni watoto wa jirani huja na madaftari yao niwasaidie. Juzi niliwasomea hadithi, nikiwa nimejiandaa kama kawaida yangu, kila nukta mahali pake. Mdogo wao alisogea, akasogea tena, mpaka sikio likakaribia mdomo wangu.

"Shangazi," aliuliza, naye sasa akinong'ona, "ndani kuna mgonjwa?"